Mficha maradhi: Maisha na mauti ya Heleno de Freitas

Pindi kandanda ya Brazil inapotajwa, fikira za wengi hukimbilia kwa Pele, Garrincha na wenzao waliotwaa Kombe la Dunia nchini Uswidi mwaka 1958. Ni haki yao kukumbukwa. Hata hivyo, kabla ya majemadari hao kuzaliwa katika kumbukumbu za ulimwengu, Brazil ilikuwa na mshambulizi wa kati ambaye watu wa Rio de Janeiro walimpenda na kumchukia kwa kiasi kile kile, tena mara nyingi katika alasiri moja. Jina lake Heleno de Freitas. Hakucheza hata mechi moja ya Kombe la Dunia. Alikwenda ng'ambo mara mbili kusakata gozi kwa malipo manono na mara zote mbili akarejea akiwa pungufu ya alivyotoka. Alikufa akiwa na umri wa miaka 39, katika hospitali ya wagonjwa wa akili.

Wanaomkumbuka husema kwamba kilichomwangusha ni kiburi. Mimi naomba kulipinga neno hilo, au angalau kulipunguza ukali, kwa kuwa maisha ya mja huyu yanatufunza jambo kubwa zaidi ya hadithi ya mtu mwenye majivuno aliyeanguka.

Heleno alizaliwa tarehe 12 Februari 1920 katika mji mdogo wa São João Nepomuceno, jimbo la Minas Gerais. Wengi wa mabingwa wa kandanda wa Amerika Kusini walitoka katika vibanda vya mafukara; huyu hakuwa mmoja wao. Familia yake ilikuwa na uwezo, ikiheshimiwa katika mji ule. Baba yake alipofariki, mama mtu akawachukua wanawe na kuhamia Rio de Janeiro, ambao siku hizo ndio uliokuwa mji mkuu wa nchi. Huko kijana alipelekwa shule nzuri, akaendelea hadi akahitimu katika taaluma ya sheria. Basi hapa palikuwa na ajabu ya kwanza: mwanasheria aliyeacha joho la mahakama likining'inia ukutani, akavaa jezi na viatu vya njumu.

Mapenzi yake kwa mpira yalichipuka katika mchanga wa Copacabana, ufuo ambao vijana wa Rio waliugeuza uwanja. Hapo ndipo alipoonwa na Neném Prancha, mtu maarufu wa kandanda ya ufuoni ambaye jicho lake halikukosea kutambua kipaji. Kutoka mchangani akaingia katika timu ya Botafogo, na mwaka 1940 akapewa nafasi ya mshambulizi wa kati iliyokuwa ya Carvalho Leite, shujaa aliyekuwa ameisaidia klabu hiyo kutwaa ubingwa wa Rio miaka minne mfululizo kuanzia 1932 hadi 1935. Kurithi kiti cha mtu kama huyo ni mtihani. Heleno aliufaulu.

Alikuwa mrefu, mwenye kifua kipana, na mpira ulipomjia kutoka juu aliupokea kwa kifua ukatulia kana kwamba umewekwa mezani. Kwa kichwa alikuwa hatari. Kwa miguu alikuwa fundi. Hakuwa mshambulizi wa kungoja makombo langoni, bali alirudi nyuma kuutafuta mpira, akawapiga chenga mabeki na kuufumania wavu yeye mwenyewe. Katika miaka yake minane na Botafogo alifunga mabao 209 katika mechi zipatazo 235. Miaka mingi imepita, mabingwa wengi wameivaa jezi ile ya mistari myeusi na myeupe, lakini katika orodha ya wafungaji wa klabu hiyo ni watatu tu wanaomtangulia: Quarentinha, Carvalho Leite na Garrincha.

Nje ya uwanja alikuwa kijana wa mjini hasa. Suti zake zilishonwa na mafundi wa kuaminika, nywele zake zilichanwa zikalala, gari lake lilijulikana barabarani, na usiku alionekana katika hoteli na kumbi za starehe alimokutana na matajiri, wanasiasa na wasanii. Wanawake walimwandama, naye hakuwakimbia. Ndani ya uwanja alikuwa moto wa makumbi. Aliwafokea marefa, akagombana na mabeki, na lililokuwa baya zaidi, aliwakaripia wachezaji wenzake kila walipompa pasi isiyomridhisha. Mwaka 1946 ilipotoka filamu ya Marekani iitwayo Gilda, ambayo ndani yake Rita Hayworth aliigiza mwanamke mrembo, mwenye hasira na asiyetabirika, mashabiki wa timu pinzani walipata silaha. Wakambandika Heleno jina hilo. Kila alipogusa mpira, majukwaa yalilipuka kwa kelele za Gilda, naye, badala ya kuziba masikio, alipandwa na mori. Walikwisha kujua pa kumfinya.

Bahati nayo haikumtendea haki. Miaka ambayo mchezaji hufikia kilele cha nguvu zake ndiyo iliyomezwa na Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Kombe la Dunia la mwaka 1942 halikuchezwa, wala la mwaka 1946. Kilichobaki ni mashindano ya bara lao. Mwaka 1945, katika michuano ya ubingwa wa Amerika Kusini iliyofanyika mjini Santiago, Chile, Heleno alifunga mabao 6, akawa mfungaji bora pamoja na Norberto Méndez wa Argentina. Brazil ilimaliza ya pili nyuma ya Argentina. Mwaka uliofuata, mjini Buenos Aires, mambo yakawa yale yale: Argentina ya kwanza, Brazil ya pili. Alivaa jezi ya taifa mara 18 tu. Mtu aliyestahili kuonyeshwa kwa ulimwengu mzima alionwa na majirani peke yao.

Hata katika klabu yake, neno la pili lilimganda kama kupe. Botafogo ilikuwa timu nzuri, lakini tangu mwaka 1935 haikuonja ubingwa wa Rio, na katika miaka yote minane ya Heleno ilikaribia mara kadhaa bila kuligusa kombe. Lawama zilipotafuta mtu wa kumwangukia, zilimwangukia yeye.

Tufikapo hapa, msomaji, ndipo tunapopaswa kupunguza mwendo. Wakati watu wakihesabu mabao na matusi ya Heleno, ndani ya mwili wake kulikuwa na jambo jingine lililokuwa likiendelea kimya kimya. Alikuwa ameambukizwa kaswende. Ugonjwa huu una hila. Huanza na kidonda kisichouma, kidonda hupotea chenyewe, mgonjwa akadhani amepona. Kumbe vijidudu vimejificha vikisubiri. Mtu asipotibiwa, baada ya miaka vinaweza kupanda hadi ubongoni, na hapo mgonjwa hubadilika tabia: huwa mwepesi wa hasira, hujiona mkubwa kuliko wote, huropoka, husahau, na mwisho akili humtoka kabisa. Juu ya hayo Heleno alizoea kuvuta etha na ile marashi ya kupuliza iliyotumiwa katika sherehe za kanivali, uraibu uliozidi kumpapura mishipa.

Na linalouma ni hili: dawa ilikuwapo. Mwaka 1943 madaktari wa Marekani walithibitisha kwamba penisilini huiponya kaswende, na baada ya vita dawa hiyo ilianza kuenea duniani. Mwaka 1946 Heleno alikuwa na umri wa miaka 26, ana fedha, ana elimu ya chuo kikuu, anaishi katika mji mkuu wa nchi. Ikiwa kuna mtu aliyeweza kuifikia dawa hiyo, ni yeye. Lakini maradhi ya aibu hayasemwi. Mwanamume anayeabudiwa na mji mzima atamwambiaje daktari kwamba ana ugonjwa ambao watu huunong'onea midomo ikiwa imezibwa? Hakutibiwa wakati ambapo tiba ingemfaa. Waliosema kwamba mficha maradhi kilio humfichua hawakumjua Heleno, lakini walimsema.

Mwaka 1948 Botafogo ilichoka. Ilimuuza kwa Boca Juniors ya Buenos Aires kwa fedha zilizokuwa miongoni mwa kubwa mno katika Amerika Kusini ya siku hizo. Mzozo ukawa umetoka mlangoni, na fedha zikaingia. Kwa mtazamo wa mfanyabiashara, mauzo yalikuwa mema.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Argentina haikuwa kwao Heleno. Lugha ilikuwa nyingine, baridi ya Buenos Aires haikufanana na joto la Rio, na mashabiki wa Boca walitaka mabao, si suti. Alicheza mechi 17, akafunga mabao 7. Kwa mchezaji wa kawaida hiyo si aibu. Kwa mtu aliyekuwa akifunga karibu bao moja kila mechi, ilikuwa dalili. Wala hakupatana na wachezaji wenzake. Wakati yeye akihangaika ugenini, Botafogo ilitwaa ubingwa wa Rio mwaka ule ule wa 1948, taji la kwanza baada ya miaka 13. Hebu fikiri uchungu wa habari hiyo kumfikia. Klabu aliyoifungia mabao 209 ilingoja aondoke ndipo ishinde. Na watu wa Rio, kama ilivyo desturi ya watu, wakatoa hukumu ya haraka: kumbe mkosi ulikuwa ni yeye.

Mwaka 1949 alirudi Rio, safari hii kwa Vasco da Gama, timu iliyokuwa imejaa wachezaji wa taifa, akiwamo Ademir, na ikifundishwa na Flávio Costa, ambaye pia ndiye aliyekuwa kocha wa timu ya Brazil. Vasco ilitwaa ubingwa wa Rio mwaka huo bila kushindwa hata mechi moja, na Heleno akapata taji la Rio ambalo Botafogo haikuweza kumpa. Ungedhani kwamba mambo yalikuwa yamenyooka. La hasha. Aligombana na Flávio Costa, na husimuliwa kwamba alimwelekezea bastola, ambayo baadaye ilionekana kwamba haikuwa na risasi. Iwe ilikuwa hivyo ama simulizi imetiwa chumvi, mlango wa timu ya taifa ulifungwa. Kocha uliyemtishia maisha hakuteui.

Kwa hiyo mwaka 1950, Brazil ilipoandaa Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza na kuujenga uwanja mkubwa wa Maracanã kwa ajili hiyo, Heleno, mwenye umri wa miaka 30, alikuwa mbali katika bandari ya Barranquilla, kaskazini mwa Kolombia, akiichezea timu ya Junior. Kolombia ya siku hizo ilikuwa kimbilio la wachezaji. Ligi yake ilikuwa imefarakana na FIFA, kwa hiyo vilabu vyake viliwachukua wachezaji wa nchi nyingine bila kuvilipa vilabu walikotoka, na fedha zilizosalimika kwa njia hiyo zilitumiwa kuwalipa wachezaji mishahara ambayo kwao hawangeiota. Mgomo wa wachezaji wa Argentina uliozuka mwaka 1948 uliwasukuma wengi huko, akiwamo Alfredo Di Stéfano aliyejiunga na Millonarios ya Bogotá mwaka 1949.

Huko Barranquilla, mji ulimpokea kama sultani. Katika gazeti moja la hapo alikuwapo kijana mwandishi wa safu, wa umri wa miaka ishirini na kidogo, ambaye naye aliandika juu ya mgeni huyo, akimwita daktari kama wanasheria waitwavyo katika nchi zile. Kijana huyo alikuwa Gabriel García Márquez, ambaye mwaka 1982 alipewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Hivyo Heleno aliingia katika maandishi ya mmoja wa waandishi wakubwa wa karne, na huenda hakujali hata kidogo. Hasira zake zilikwisha kuwa sehemu ya burudani: wapo waliolipa kiingilio kumtazama akifunga, na wapo waliolipa kumtazama akilipuka. Kwa mwenye tiketi, tofauti ilikuwa ndogo. Kwa mgonjwa, kila mlipuko ulikuwa hatua moja kuelekea shimoni.

Tarehe 16 Julai 1950, Brazil ilifungwa na Uruguay mabao 2 kwa 1 pale Maracanã, na taifa zima likaingia matangani. Wako waliojiuliza mambo yangekuwaje lau Heleno angekuwapo. Swali hilo halina jibu, nami silisaki. Brazil haikukosa washambulizi mwaka ule. Ademir peke yake aliwatetemesha wapinzani wote waliotangulia. Ninachojua ni kwamba mtu aliyenyimwa Kombe la Dunia mara mbili na vita, mara ya tatu alilikosa kwa sababu ya maradhi ambayo hakuna aliyeyaita maradhi.

Alirudi Brazil. Akajaribu kucheza hapa na pale, lakini mwili na akili vilikuwa vimeanza kuachana. Mwaka 1951 klabu ya America ya Rio ilimpa nafasi, naye akatimiza hamu yake ya kucheza katika uwanja wa Maracanã. Ilikuwa mechi moja tu. Aligombana, akatukana, na kabla ya mapumziko refa alikwisha kumtoa uwanjani. Aliyekuwa akijaza viwanja akapita katika uwanja mkubwa kuliko yote duniani kwa muda usiofika hata nusu ya mchezo. Baada ya hapo hakucheza tena mchezo wa maana. Ndoa yake nayo ilikuwa imevunjika.

Ndugu zake walimrudisha Minas Gerais, na hatimaye akalazwa katika hospitali ya magonjwa ya akili mjini Barbacena. Huko aliishi miaka yake ya mwisho. Inasimuliwa kwamba alihifadhi vipande vya magazeti vilivyoeleza mabao yake, na kwamba akili ilipomwishia alikuwa akivirarua na kuvitafuna. Mwaka 1958 redio za Brazil zilipotangaza kwamba nchi imetwaa Kombe la Dunia, na kwamba katika kikosi hicho walikuwamo Garrincha, Didi na Nílton Santos wa Botafogo, mtu aliyewatangulia katika jezi hiyo alikuwa amefungiwa nyuma ya kuta, mwili umedhoofika, meno yamemtoka, hajitambui. Alifariki tarehe 8 Novemba 1959. Wakamrudisha kuzikwa katika mji mdogo alikozaliwa.

Sasa turejee katika swali letu. Je, ni kiburi kilichomuua? Sitaki kumtakasa. Heleno alikuwa mkali tangu ujana wake, kabla ugonjwa haujamwonyesha makucha. Aliwadhalilisha wenzake ambao hawakujaliwa kipaji kama chake. Alizoea kupendwa, na mwenye kuzoea kupendwa huona kukosolewa kuwa ni uadui. Hayo ni makosa yake, na atayabeba.

Lakini yako makosa ambayo si yake. Mtu aliyebadilika mbele ya macho ya maelfu kila Jumapili, kwa muda wa miaka, hakukosa watu wa kumwona. Walimwona makocha, wakamtoa kikosini. Waliona wenye vilabu, wakamuuza. Mashabiki waliona, wakatunga majina. Magazeti yaliona, yakauza nakala. Kila aliyemwona alikuwa na jambo la kufanya na tabia yake, wala hakuna aliyeuliza kama tabia ile ilikuwa na chanzo. Alipofunga mabao, mguu wake ulikuwa mali ya klabu. Alipougua, kichwa chake kikawa shauri lake mwenyewe.

Nasi hapa petu hatupaswi kujitoa katika hesabu hiyo. Ni mara ngapi tumemwona kijana hodari, awe mchezaji, mwimbaji au mwalimu, akianza kuzozana na kila mtu, kupotea kazini, kunywa hadi kuanguka, nasi tukatikisa vichwa na kusema kwamba sifa zimempanda? Huenda zimempanda kweli. Ila huenda pia anaumwa, na ugonjwa wake ni mmojawapo wa yale yasiyotajwa sebuleni. Tumezika watu wengi katika nchi hii kwa sababu ya ugonjwa ambao kwa miaka mingi tuliuita kwa majina ya kupanga, tukaona kuutaja ni aibu kuliko kufa nao. Aibu haijawahi kumponya mtu. Huwanyamazisha wagonjwa, ikawapa walio wazima kisingizio cha kutouliza.

Siku hizi vilabu vikubwa haviweki sahihi kabla daktari hajampima mchezaji moyo, magoti na vifundo vya miguu. Hayo ni maendeleo. Hata hivyo hakuna chombo cha kupimia kile kinachomfanya mtu aliye kileleni aogope kusema kwamba anaumwa. Kipimo hicho kimo mikononi mwa walio karibu naye: mwenzake katika chumba cha kuvalia, kocha, ndugu, hata shabiki anayechagua ama kunyamaza ama kupiga kelele za Gilda.

Heleno de Freitas aliacha mabao 209 katika vitabu vya Botafogo na taji moja katika vitabu vya Vasco. Kizazi kilichofuata kimeandika kitabu juu yake, na mwaka 2011 ikatolewa filamu yenye jina lake. Heshima hizo ni njema, ingawa zimekuja wakati hazimfai kitu. Penisilini ingalimfaa zaidi, na kabla ya penisilini, mtu mmoja wa kumshika mkono na kumpeleka kwa daktari bila kumcheka.